Sato mzima, kirusi ndani

Mwaka 2018 watafiti kutoka Uganda, wakishirikiana na wenzao wa nje, walichapisha majibu ya vipimo vya sato wa Ziwa Victoria. Samaki hao walitoka upande wa Uganda na upande wa Tanzania, wengine wa kufugwa, wengine wa kuvuliwa. Katika bandama, figo la mbele, moyo na ini za baadhi yao vilikutwa vipande vya vinasaba vya TiLV, kirusi cha sato ambacho katika mabwawa ya nchi nyingine kimewahi kuua hadi samaki 90 katika kila 100. Lakini sato wale wa Victoria hawakuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Wangefika soko la Kirumba pale Mwanza, mchuuzi angewapanga mbele kabisa ya meza.

Habari hiyo nimeisikia ikielezwa kwa namna mbili tangu ilipotoka. Wapo wanaosema: kama hawaumwi, basi hatuna tatizo. Wapo wanaosema janga limeshaingia, tuhesabu siku. Wote wanazungumzia kirusi na ziwa, na wote wanamsahau samaki mwenyewe, ambaye ndiye anayefanya kazi ngumu kuliko wote katika kisa hiki. Ikiwa sato ana kirusi na bado anaogelea, anakula na kunenepa, huenda kuna kitu ndani ya mwili wake kinachokizuia. Kitu hicho kinafanyaje kazi, na sisi tunaofuga tunakifanyia nini?

Tuanze na kirusi. Kuanzia mwaka 2009 wavuvi wa Bahari ya Galilaya, na baada yao wafugaji wa mabwawa ya Israeli, waliona perege wao wakipungua na kufa kwa wingi. Mwaka 2014 wanasayansi wa huko walikitenga kirusi chenyewe, na mwaka 2016 jenomu yake ikasomwa yote: vipande 10 vya RNA, nyukliotaidi 10,323 kwa jumla. Kipande kimoja tu kinafanana, tena kwa mbali, na kirusi cha influenza. Vilivyobaki havikuwa na mfano katika kumbukumbu za sayansi. Ekwado walikuwa wanauona ugonjwa huohuo kwa sura nyingine, yaani seli za ini zikiungana na kuwa donge moja lenye viini vingi. Kufikia mwaka 2017 shirika la FAO lilitoa tahadhari kwa dunia nzima.

Ndani ya taarifa ile ya kwanza ya 2014 kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hesabu za vifo. Samaki waliodungwa kirusi maabara walikufa kati ya 75 na 85 katika kila 100. Wale wachache waliopona walidungwa tena, na safari hii hawakuugua. Miili yao ilikuwa imejifunza.

Wengi wetu tumezoea kumwona samaki kama kiumbe duni, damu baridi, akili ndogo, kinga ya kubahatisha. Si kweli. Kinga ya samaki ni ya kale na ina mpangilio unaofanana sana na wetu, ila imejengwa kwa ajili ya kiumbe anayeishi ndani ya supu ya vijidudu usiku na mchana. Ule utelezi unaomponyoka mvuvi mikononi ndio ukuta wake wa kwanza. Ute huo huzalishwa na kumwagwa bila kukoma, ukiondoka na vijidudu vilivyonasa, na ndani yake mna protini zinazotoboa bakteria na kingamwili zinazoshika virusi. Samaki aliyekwanguliwa na wavu mkavu amevuliwa silaha kabla ya vita.

Kirusi kikipenya ute, kwa mfano kupitia matamvua au utumbo, kinaingia ndani ya seli na kuanza kujinakili. Hapo hukutana na vitambuzi vinavyofanya kazi kama mlinzi anayejua harufu ya mgeni: protini zinazotambua RNA yenye umbo ambalo seli ya samaki haina sababu ya kuwa nalo. Kitambuzi kikishtuka, seli hutoa intaferoni. Neno hilo lilizaliwa London mwaka 1957, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walipoona kwamba utando wa yai la kuku uliokutanishwa na kirusi cha influenza hutoa kitu kinachozuia maambukizi mapya. Samaki wanayo intaferoni vilevile. Seli iliyovamiwa huenda isipone, lakini ujumbe wake hufika kwa jirani zake, nao hufunga milango: hutengeneza protini kama Mx, ambazo hukwamisha mashine ya kirusi ya kujinakili. Sato walioambukizwa TiLV wamepimwa, na jeni hizi hukutwa zikifanya kazi kwa nguvu.

Yote haya huanza kwa saa, si kwa siku. Na mara nyingi mshindi hujulikana hapohapo.

Jeshi la pili, lenye kumbukumbu, huchelewa. Samaki hana uboho ndani ya mifupa kama wetu, wala hana tezi za limfu, zile zinazotuvimba kinenani tukasema tuna mtoki. Kazi ya kuzalisha chembe za kinga hufanywa na figo la mbele, kipande kilichokaa nyuma ya kichwa, pamoja na tezi ya thaimasi na bandama. Ndiyo maana watafiti wa Victoria walipima figo la mbele na bandama. Kingamwili kuu ya samaki ni IgM, nne zikiwa zimeungana pamoja wakati za binadamu huungana tano. Mwaka 2005 iligunduliwa nyingine, IgT, ambayo zamu yake ni kwenye utumbo, ngozi na matamvua. Samaki hawana IgG, ile tunayoitegemea sisi kwa kinga ya muda mrefu, na kingamwili zao haziimariki sana kwa kurudiarudia mapambano.

Katika sato walioambukizwa TiLV, kingamwili huanza kuonekana damuni baada ya wiki moja hivi na kufikia kilele karibu na wiki ya pili. Hesabu hiyo ina maana kubwa. Samaki anayekufa kwa TiLV mara nyingi hufa ndani ya hizo wiki mbili. Kwa hiyo kinachomvusha si kingamwili peke yake. Ni ule ukuta wa ute na ile intaferoni ya saa za mwanzo, zinazomnunulia muda hadi jeshi la pili lifike. Torsk, samaki maarufu wa bahari baridi za Norwei, ni ushahidi wa ajabu wa jambo hili. Jenomu yake iliposomwa mwaka 2011 ilionekana amepoteza kabisa jeni za tawi zima la kinga inayojifunza, na bado anaishi baharini kwa mamilioni.

Sasa niende kwenye jaribio ambalo kila ninapolifikiria narudi na macho mapya kutazama vizimba vyetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, walifanya kazi na karpu, samaki anayefugwa sana Asia na Ulaya, na kirusi chake cha jamii ya hepesi. Waliweka samaki kwenye matangi yenye vyumba vitatu vilivyounganishwa, maji yakiwa na nyuzi joto 24, 28 na 32. Karpu wazima walipendelea chumba cha 24. Walioambukizwa walihama wenyewe wakaenda kukaa kwenye 32, na wakapona. Wenzao waliofungiwa kwenye 24 walikufa kwa wingi. Samaki hawezi kupandisha homa kwa kuchoma nishati mwilini kama mtoto mwenye malaria. Yeye huifuata homa ilipo, kwa mapezi yake. Na kirusi nacho kinajua. Kina jeni moja inayotengeneza protini ya kunasa ujumbe wa TNF, ule unaoamsha homa, ili samaki achelewe kuhama na kirusi kipate siku za kuzaliana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017.

Karpu si sato, na hepesi si TiLV. Sitadai kwamba joto la nyuzi 32 litamponya sato wa Victoria. Kirusi hiki chenyewe kinapenda maji ya vuguvugu, na nchini Misri vifo vya sato vilipewa jina la vifo vya kiangazi. Mwaka 2015 mashamba 37 katika kila 100 huko yaliguswa na vifo hivyo, na katika baadhi ya samaki wake TiLV ilikutwa. Ninachokichukua kwa karpu ni kingine: sehemu ya kinga ya samaki ipo kwenye uhuru wa kuchagua maji. Sato wa porini akijisikia vibaya anaweza kusogea kwenye maji mafupi yaliyopigwa na jua, au kushuka, au kujitenga na kundi. Aliye kizimbani ana mita chache za nyavu pande zote, na jirani anayekohoa virusi kwenye tamvua lake.

Hapo linaingia suala la msongo. Samaki aliyesongamana, aliyekamatwakamatwa, aliyekosa hewa au aliyesafirishwa kwenye mfuko saa sita juani, mwili wake humwaga homoni ya kotisoli. Kwa muda mfupi kotisoli humsaidia kukimbia hatari. Ikikaa siku nyingi hupunguza chembe nyeupe zinazozunguka na hudhoofisha uwezo wa kutengeneza kingamwili. Wafugaji wa Thailand walikuwa wameona matokeo yake kabla ya mtaalamu yeyote kuyaeleza. Waliuita ugonjwa wa mwezi mmoja, kwa sababu vifaranga walikufa ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kuhamishiwa kwenye vizimba. TiLV ilikuja kukutwa kwao. Fikiria kifaranga wa gramu chache: katolewa kwenye maji aliyoyazoea, kahesabiwa, kafungwa, kasafirishwa, kamwagwa kwenye maji mageni kati ya maelfu ya wenzake. Kinga inashuka chini kabisa siku ileile anayokutana na kirusi kwa wingi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake.

Ghana wanaijua gharama ya mkutano wa namna hiyo, ingawa kwa kirusi kingine. Mwishoni mwa 2018 vizimba vya sato kwenye Ziwa Volta vilianza kutoa mizoga kwa tani, mashamba mengine yakipoteza zaidi ya nusu ya uzalishaji. Kilichokutwa kilikuwa ISKNV, kirusi chenye DNA kinachoozesha bandama na figo, yaani kinashambulia viwanda vyenyewe vya kinga. Volta ni ziwa moja, lenye vizimba vilivyosogeleana na vifaranga wanaonunuliwa huku na kule. Anayevijua vizimba vya Siaya, vya Mwanza au vya Jinja hahitaji kuelezwa zaidi.

Nimeshuhudia mara kadhaa samaki wakifa kizimbani na mwenye mali akikimbilia duka la dawa za mifugo. Anarudi na unga wa antibiotiki, anauchanganya kwenye chakula cha kuelea, anawamwagia. Ninamwelewa, fedha yake yote inaelea mbele yake tumbo juu. Lakini antibiotiki haikigusi kirusi hata kidogo, na inawafundisha usugu bakteria wa ziwa ambalo watu wanakunywa maji yake. Isitoshe, sato mwenye TiLV huacha kula mapema, kwa hiyo dawa inayopitia kwenye chakula inaishia kwa wale wasioihitaji. Bakteria nyemelezi huweza kweli kuingia kinga ikishashuka, na hao wanatibika, ila ni maabara inayopaswa kusema hivyo, si muuza duka.

Kwenye ziwa letu kuna muuaji mwingine anayechanganywa na virusi kila mwaka: maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapopanda juu kwa upepo na mabadiliko ya majira. Hayo huua kwa usiku mmoja. Alfajiri utawaona samaki wakihema juu ya maji, na wakubwa ndio hutangulia kufa kwa kuwa wanahitaji hewa zaidi. Kirusi hakina haraka hiyo. Huanza na wachache, kesho wakaongezeka, na wadogo huumia zaidi; samaki hulegea, ngozi hugeuka nyeusi au kuchubuka, macho hufanya ukungu au kutokeza. Mfugaji anayeandika kila siku idadi ya waliokufa na ukubwa wao ana nusu ya jibu mkononi kabla hajampigia mtu simu. Asiyeandika hana kitu.

Je, tunaweza kumsaidia samaki apigane vizuri zaidi? Chanjo ndiyo inayotajwa kwanza. Norwei humdunga sindano kila samoni kabla hajapelekwa baharini, na mashine husaidia. Samoni mmoja ana bei ya kubeba gharama hiyo. Sato wa gramu tano hana, na kumshika mmoja mmoja humwongezea msongo uleule tunaoukimbia. Thailand wamejaribu njia ninayoiona ina akili: wanachanja samaki wazazi. Sato jike aliyechanjwa kwa kirusi cha TiLV kilichouawa hupitisha kingamwili kwenye mayai, na vifaranga wakapatikana nazo. Wazazi ni wachache na wanafugwa kwa muda mrefu, kwa hiyo sindano inalipa. Kingamwili za mama hazidumu, ila zinamfunika mtoto katika siku ambazo kinga yake mwenyewe haijakomaa.

Njia ya pili ni damu yenyewe. Mwaka 2018 ugonjwa wa TiLV ulivamia kituo cha uzalishaji wa aina ya sato iitwayo GIFT huko Malaysia, mahali ambapo kila samaki alikuwa na kumbukumbu ya baba na mama. Msiba huo ukageuka kuwa darasa. Watafiti walikuta sehemu moja kwenye kromosomu ya 22 inayobeba tofauti kubwa: waliorithi nakala mbili za kustahimili walikufa 11 katika kila 100, waliorithi nakala mbili za udhaifu walikufa 43. Samoni wa Uskochi na Norwei walikuwa wamepita njia hiyo kwa ugonjwa wao wa virusi uitwao IPN. Uteuzi wa wazazi wenye jeni ya ukinzani uliushusha ugonjwa huo kwa kiasi ambacho chanjo haikuwa imefikia. Kwa maoni yangu, kama serikali zetu zina fedha ya jambo moja tu katika afya ya samaki, liwe hili: vituo vya kuzalisha vifaranga vyenye kumbukumbu za ukoo na uteuzi wa wazazi. Faida yake hurithiwa bure kila kizazi.

Nina wasiwasi mmoja ambao siusikii ukijadiliwa vya kutosha. Kule Malaysia kilichohesabiwa ni nani alikufa na nani alibaki. Aliyebaki anaweza kuwa amekizuia kirusi kisizaliane, au anaweza kuwa amekubali kuishi nacho bila kuumia. Kwa mfugaji wote wawili ni samaki hai. Kwa ziwa ni vitu viwili tofauti kabisa. Wa kwanza anakata mnyororo. Wa pili anaubeba, mzima wa afya, hadi kwa jirani. Uteuzi unaofanywa bila kupima wingi wa kirusi mwilini unaweza kutujazia vizimba wabebaji wanaopendeza macho.

Na hapo tunarudi kwa wale sato wa 2018. Ukimya wao unaweza kuelezwa kwa namna kadhaa, nami sioni sababu ya kuchagua moja. Huenda kirusi cha huku kina ukali mdogo kuliko kile cha Israeli na Thailand. Huenda sato wetu wana jeni za kukivumilia. Huenda kirusi ni kidogo mno mwilini, kimezingirwa na intaferoni na kingamwili, kikisubiri. Maelezo haya yote matatu yanaacha hali moja: amani iliyopo inategemea kinga ya samaki, na kinga hiyo inategemea nafasi, hewa, joto na utulivu. Tukiongeza samaki mara mbili kwenye kizimba kilekile, tumeitafuna kamba inayoshikilia amani hiyo. Tukileta vifaranga wa mbali wasiopimwa, tunaweza kuleta kirusi chenye ukali mwingine ambacho sato wa hapa hajawahi kukutana nacho.

Kupima si jambo la mbali tena. TiLV hukutwa kwenye ute wa ngozi tangu siku za mwanzo za maambukizi, kwa hiyo hakuna haja ya kumuua samaki ili kumchunguza. Pamba moja ikipitishwa ubavuni mwake inatosha kupeleka sampuli maabara. Ni muhimu zaidi kwa wazazi, maana kirusi kimeonekana kupita kutoka kwao hadi kwenye mayai, na sato jike hulea mayai na vifaranga mdomoni mwake. Mama mmoja anayetema vifaranga mia kadhaa anaweza kuwatemea na urithi huo.

Kuna mahali pamoja ambapo ningeomba tusubiri hata majibu ya maabara yakiwa safi. Sato aliletwa Victoria miaka ya 1950. Wenyeji walikuwa ngege na mbiru, ambao ziwa kubwa limewapoteza karibu kabisa. Waliosalia wamejificha kwenye vijiziwa vya pembezoni na mabwawa ya vijijini, maji ambayo miradi ya kupandikiza vifaranga huyaona kama maji yaliyo wazi. Ngege ni ndugu wa karibu wa sato, na kirusi hiki tayari kimewashika perege wa aina kadhaa. Yeyote atakayefika na mfuko wa vifaranga kwenye ukingo wa maji hayo, asiufungue; arudi nao.